Kanisa Lililokaa Upande

Matope ya Elburgon hayana adabu. Huingia jikoni bila hodi, hupanda kitandani, na hata maiti huyabeba kwenda nayo kaburini. Waliopigana nayo ni wengi, lakini aliyepigana nayo maisha yake yote bila kuinua mikono ni mmoja tu: Jebet wa Kambi Msumeno, mjane wa Bethwel Kiprugut, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kila Jumapili, tangu akiwa bibi arusi, alisimama kwenye ngazi za kanisa la mbao na kuwapigia waumini kelele:

“Gambuti nje!”

Wenye haya walivua. Wengine walifuta nyayo kwenye nyasi mara moja, wakamwambia, “Mungu anaangalia roho, Mama Weldon,” kisha wakaingia. Naye alijibu, “Roho yako siijui. Gambuti yako naiona.” Mahubiri yakiendelea, yeye alitambaa kati ya mabenchi na kitambaa chake, akipangusa nyuma ya kila mkaidi, na wahubiri walijifunza kuhubiri bila kumtazama.

Siku moja alikuja askofu kutoka Nakuru, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Jebet hakubadilisha wimbo. Wazee wa kanisa walitamani ardhi iwameze, lakini askofu alikuwa mtu wa zamani, akakaa kwenye ngazi akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia. Jebet akakitazama, akasema, “Ingia baba, hicho hakina matope.” Askofu alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Watu wa aina hiyo hawazaliwi tena. Siku hizi ukimwambia mtu avue kiatu anakuuliza wewe ni nani.

Kambi Msumeno ni kijiji kilichozaliwa na kiwanda cha mbao, juu kidogo ya mji wa Elburgon, pale msitu wa Mau ulipokuwa ukianzia. Sasa hapo vinaanzia viazi. Msitu ulipofungwa usikatwe tena, kiwanda kilikufa, mabati yake yakauzwa kwa kilo, mashine zikapakiwa kwenye malori, na kile kilima cha vumbi la mbao ambacho watoto walikuwa wakitelezea kikaota nyasi kama kaburi la mtu mkubwa. Kilichobaki kimesimama ni kanisa.

Lilijengwa na mafundi wa kiwanda wenyewe, bendera mpya ya nchi ikiwa bado haijapauka. Nguzo zake ni mitarakwa mizima, iliyochomwa miguu kwa moto kabla ya kusimikwa ili unyevu usiiozeshe. Nyumba nzima imeinuliwa juu ya nguzo hizo, kuku wanapita chini yake wakiwa wamesimama wima, na baridi ya ardhini haipati njia ya kupanda. Kuta ni mbao za mtarakwa zilizolaliana kama magamba ya samaki. Paa ni vigae vya mbao vilivyopasuliwa kwa shoka, ambavyo jua na mvua vimevipa rangi ya majivu. Mlangoni ilining'inia diski ya msumeno mkubwa, ile ya duara iliyokuwa ikipasua magogo. Meno yalipoisha ikafanywa kengele, na ukiipiga kwa chuma ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Na ndani, harufu! Mtarakwa hausahau kunukia. Watoto walisema kanisa lao linanuka penseli.

Lakini fahari ya nyumba ile ilikuwa sakafu. Ilikuwa ya mti wa podo, mbao nyembamba ndefu zilizotoka mlangoni zikaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho, kila ubao ukiwa umeingiza ulimi wake kwenye mfereji wa mwenzake, msumari hauonekani. Bethwel, fundi mkuu, ndiye aliyeitandaza, na Jebet, wa miezi michache katika ndoa, ndiye aliyekuwa akimpitishia mbao. Kila Jumamosi aliipaka nta. Nta yenyewe aliipata kwa warina asali wa msituni, akaiyeyusha pamoja na mafuta ya taa kidogo na mafuta ya mkia wa kondoo, akaipaka moto moto, kisha akafunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza juu yake, huku na huku, akiimba, mpaka sakafu ikarudisha sura ya dirisha. Kazi hiyo aliifanya Bethwel akiwa hai, na alipokufa akaendelea nayo, kwa maana pale alikuwa akimkuta.

Hata hivyo kanisa lilikuwa na kilema. Lilikaa upande.

Ilikuwa hivi. Mzungu wa kiwanda alipiga vigingi vya msingi sambamba na barabara, akaondoka kwenda Nakuru kwa shughuli zake. Usiku ng'ombe wa kuburuta magogo wakapita wakaving'oa vyote. Bethwel hakutaka kungoja wala kuonekana hajui. Akafanya kama babake alivyofanya kila alipojenga nyumba: aliamka alfajiri, akasimama kwenye baridi, akangoja jua, na lilipochomoza akaelekeza mlango kwake. Nyumba ya Mkalenjin wa zamani ilifungua mlango isalimiane na jua, na Bethwel hakuona kwa nini nyumba ya Mungu ikose adabu hiyo. Mzungu aliporudi nguzo zilikuwa zimesimama ardhini, na jengo zima limeipa barabara bega kama mtu aliyenuna. Alipiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Lakini nguzo ya mtarakwa ikishaingia ardhini haitoki kwa kelele.

Kijiji nacho kikapata msemo. Fundi cherehani akikata suruali vibaya aliambiwa, “Hii umeikata kwa Bethwel.” Mtu akilima mtaro ukapinda, “Umelima kwa Bethwel.” Bethwel alicheka nao. Jebet hakucheka hata mara moja. Hata siku ya kumzika Bethwel mzungumzaji mmoja alisimama akasema wahakikishe kaburi limenyooka, maana mwenyewe hayupo wa kulipinda, na watu wakaangua kicheko huku wakilia. Jebet aliinamisha kichwa. Matope aliyaweza. Neno hilo hakupata kitambaa cha kulipangusia.

Miaka ikaenda, na waumini wakajenga kanisa jipya chini, kando ya lami. La mawe, mabati ya buluu, vipaza sauti vinne, maana siku hizi kila mtu anadhani Mungu amekuwa mzito wa kusikia. Sakafu ni ya vigae vya dukani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Weldon, mwanawe Jebet mwenyewe, mkulima wa viazi, mtu mwema lakini mwenye haraka.

“Mama, hizi tiles hazitaki nta,” alimwambia siku ya kulifungua. “Ni mop tu. Umepumzika.”

“Nimepumzika,” Jebet alisema, akitazama matope yakiingia na watu wake.

Ufunguo wa kanisa la zamani ulibaki shingoni mwake, kwenye kamba. Kila Jumamosi alipanda kilima peke yake, akafungua, akapaka nta sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga. Ndipo siku moja Weldon akaja jikoni kwake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuongea habari za hali ya hewa. Jebet akajua kuna jambo.

“Sema, usizunguke kama kuku anayetaka kutaga.”

“Ile ploti ya juu, mama. Kamati imeiuza. Kwa kina Idrisa. Wanajenga msikiti.”

Idrisa Muiruri alikuwa mwenye bucha ya Kambi Msumeno, mtoto wa dereva wa malori ya magogo aliyesilimu zamani. Yeye na familia za Waislamu waliobakia tangu enzi za kiwanda walikuwa wakisali katika chumba kimoja nyuma ya bucha, wamebanana kama viazi guniani. Jebet hakuwa na ugomvi nao. Kwa miaka na miaka mafuta ya mkia ya sakafu aliyapata kwa Idrisa.

“Kusali si kubaya,” alisema. “Nyumba ipo.”

Weldon akatazama moto. “Nyumba itabomolewa, mama. Wao husali wakielekea Makka. Na ile nyumba, unajua mwenyewe, imekaa upande. Idrisa anasema watasali wakielekea pembeni kama watu wanaochungulia. Watajenga ya mawe. Mbao ananunua mtu fulani wa lori.”

Jebet akaondoa sufuria motoni ingawa chai haikuwa imechemka.

“Kwa hiyo ni kwa sababu Bethwel alipinda.”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema.”

“Mama, kanisa ni watu, si mbao.”

“Basi ungeuza watu, uache mbao.”

Weldon akaomba ufunguo. Jebet akaishika kamba ya shingoni kwa mkono wote. “Ukitaka huu, ngojeni mnioshe kwanza mnivike sanda,” akasema, na mwanawe akaondoka akiwa amekunjamana, kwa sababu hakuwahi kumshinda mamake tangu azaliwe na hakujua pa kuanzia.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Jebet alikuwa juu tangu asubuhi, amekaa kwenye ngazi, ufunguo shingoni, kopo la nta miguuni. Weldon alitangulia, nyuma yake Idrisa, nyuma yake mtu wa lori mwenye jaketi ya ngozi, na mwisho mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, Maalim Zubeir, Mnubi aliyeletwa kutoka Ravine ili aonyeshe msikiti mpya utaelekea wapi kabla ya kuchimba msingi. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia ilikuwa uji.

“Chamgei, kogo,” Maalim alimsalimia kwa Kikalenjin cha Ravine, akimwita nyanya kwa heshima.

“Chamgei mising,” Jebet akajibu, bila kusogea.

“Mama, fungua tu,” Weldon alisema. “Anataka kuona ndani, halafu apime nje. Tafadhali, usituaibishe.”

Jebet alitazama miguu yao. Alijua kwamba hata mlango ukivunjwa leo, sakafu ile haitaingiwa na matope, si yeye akiwa hai. Akasimama, akafungua kufuli, akageuka na kuvuta pumzi ili atoe neno lake. Halikutoka. Maalim na Idrisa walikuwa wameshainama, wamevua viatu, wameviweka pembeni ya ngazi, viwili viwili, visigino vimepangana, wala hakuna aliyewaambia. Jebet akabaki mdomo wazi na neno lake ndani, kama mtu aliyeinua shoka akakuta gogo limeshapasuka.

Bahati nzuri mtu wa lori alikuja na buti zake.

“Gambuti nje!”

Buti zikatoka.

Ndani Maalim alisimama. Alivuta harufu. Akaitazama sakafu, akateremsha mguu wake wenye soksi taratibu juu ya ubao mmoja, akauburuta kidogo. “Subhanallah,” akasema kwa sauti ya chini. “Na mbao hizi mnataka kuzipakia kwenye lori?”

“Ni biashara, mzee,” mtu wa lori akasema. “Podo kama hii haipatikani tena.”

“Ndiyo maana ninauliza.”

Alitoa dira mfukoni, ya shaba, ndogo, akaiweka kwenye kiganja pale pale karibu na mlango. Sindano ikayumba, ikaenda kushoto, ikarudi, ikatulia mahali pa ajabu kabisa. Mtu wa lori akacheka. “Si mnaona? Hata dira imelewa. Hii nyumba haijui inakokwenda.”

Weldon naye akatabasamu. Jebet alimwona. Akamtazama mwanawe jicho ambalo hakumpa tangu alipovunja kioo cha dirisha la kanisa kwa jiwe, na tabasamu likarudi lilikotoka.

Maalim aliinua uso, akaona ile diski kubwa ya msumeno ikining'inia juu ya kichwa chake. “Chuma kinaita chuma,” akasema. Akatembea mpaka katikati ya nyumba, mbali na mlango, akapiga magoti, akaiweka dira juu ya sakafu penye mfereji kati ya mbao mbili. Akangoja. Akahamisha, akangoja tena. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha. Mvua nyepesi ilianza juu ya vigae vya mbao, sauti laini ambayo mabati hayaijui.

“Nani alijenga nyumba hii?”

“Bwanangu,” Jebet alisema.

“Alipima kwa kitu gani?”

Ndilo swali ambalo Jebet alikuwa akilikimbia miaka yote. “Alipima kwa jua. Lilipochomoza.”

“La mwezi gani?”

“Maua ya pareto yalikuwa tele. Oktoba, nadhani. Ndiyo, Oktoba, nilikuwa nachuma nikirudi nampitishia mbao.”

Maalim akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyepotea. “Jua la Oktoba halichomozi mashariki penyewe,” akasema. “Linachomoza limeteleza kidogo kuelekea kusini. Kwa hiyo ukuta huu mrefu wa kaskazini nao umegeuka kidogo kuelekea mashariki. Na kutoka hapa Makka ni kaskazini, lakini si kaskazini penyewe. Imeegemea mashariki kidogo. Idrisa, njoo. Simama hapa. Ukuta huo mrefu uupe uso.”

Idrisa akasimama.

“Vidole kwenye mfereji wa mbao.”

Akapanga vidole.

“Umeelekea. Usigeuze hata bega. Na mwenzako akisimama kando yako, afuate ubao huo huo. Na wa nyuma yako ubao wa nyuma. Safu zimeshachorwa, mwanangu, tangu hujazaliwa.”

Idrisa alitazama miguu yake. Akatazama mbao zilivyokwenda, zimenyooka kutoka mlangoni mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha bucha, kikubwa. “Kumbe mzee Bethwel alikuwa mwenzetu na hatukujua!”

“Bethwel hakuwa Muislamu,” Jebet akasema. “Alikuwa mkaidi.”

Weldon alikuwa amesimama karibu na dirisha, kofia mkononi. Aliinama akagusa sakafu kwa kiganja, jinsi mtu anavyogusa shingo ya ng'ombe wake. Na mtu wa lori, alipoona uso wa Idrisa, akaenda kwenye ngazi kutafuta buti zake.

Nyumba haikubomolewa. Msalaba wa paani Weldon aliupandia mwenyewe, akaushusha kwa kamba polepole, Waislamu wakaupokea chini kwa mikono miwili wasiuache uguse matope, ukapelekwa kanisa la lami. Mabenchi yalitolewa. Katikati ya ukuta mrefu wa kaskazini, kati ya madirisha mawili, mafundi walijenga kishubaka kidogo cha imamu kwa mbao za madhabahu ya zamani, na mlango ukabaki pale pale ukitazama jua. Watu waliokuwa wakikaa kwa urefu wa nyumba waliwapisha watu wanaokaa kwa upana wake, na mbao hazikulalamika. Mabomba ya kutawadhia yaliwekwa mbali, na mfereji ukachimbwa maji yasisogelee nguzo. Diski ya msumeno Jebet aliibeba kwake. Hakuna aliyeihitaji tena, juu wala chini, na kuku sasa hulala kivulini mwake.

Likabaki swali la sakafu. Vijana wawili watatu walinung'unika kwamba mwanamke wa kanisani ashike msikiti, itakuwaje. Maalim Zubeir akawauliza nani kati yao anajua kuyeyusha nta. Kisha akamgeukia Jebet.

“Kogo, kwenye hiyo nta kuna mafuta ya mnyama gani?”

“Kondoo.”

“Nani alimchinja?”

“Wewe nawe! Kondoo wa Elburgon anachinjwa na nani kama si nyinyi? Muulize Idrisa. Kanisa lote limekuwa likisimama juu ya mkia wa halali tangu zamani.”

Maalim akashika mbavu.

Basi siku ikahamishwa, Jumamosi ikawa Alhamisi. Jebet hukunja mikeka, huyeyusha, hupaka, hufunga blanketi miguuni na kuteleza, polepole zaidi siku hizi, mkono mmoja ukutani. Jumapili huteremka kanisani kwake kando ya lami, hukaa kwenye kiti cha plastiki, huimba, na husemea mop ile maneno ambayo hayako katika kitabu cha nyimbo. Imani yake hakuibadilisha, wala hakuna aliyemwomba.

Msemo wa kijiji haukufa. Misemo haifi kwa sababu imeshindwa. Fundi cherehani bado anakata kwa Bethwel.

Lakini Ijumaa moja ya mvua Weldon alipanda kilima kumfuata mamake, ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Akamkuta amekaa juu ya ngazi, shali mabegani, na chini yake gambuti za watu zimepangwa nyingi, nyeusi, zimejaa matope mpaka juu, zote nje. Jebet alizitazama kama shamba lililokubali mvua.

“Mama, twende. Ng'ombe.”

“Ng'ombe anajua kuzaa. Ngoja kidogo.”

Weldon akataka kuchungulia ndani, akainua mguu. Jebet alimnyooshea kidole tu. Mwenyekiti wa kamati akakaa kwenye ngazi, akavua gambuti, na kidole gumba cha kulia kikachungulia kwenye soksi.

“Hicho hakina matope,” mamake akasema.

Ndani watu walikuwa wakisimama kupanga safu, na mbao za podo zikitoa ule mlio wa chini wa nyayo zisizo na viatu. Sauti ya Idrisa ikasikika, ya kawaida, kama anayewaambia wateja wa bucha wasisukumane:

“Nyoosheni, jamani. Vidole kwenye mstari wa Bethwel.”

Jebet akasogea kidogo, akampa mwanawe nafasi ya kukaa.